Picha Kumi na Moja za Mbwa Mtulivu

Mama yangu alikuja kwenye maonyesho ya mbwa na ndoo ya maji, birika, na mfuko wa rambo uliojaa udongo safi alioupitisha kwenye chekeche yeye mwenyewe. Hakuja kutazama mbwa. Alikuja kutulinda nao. Katika nyumba yetu ya Mji Mkongwe, Bagamoyo, mbwa hajapata kuvuka kizingiti tangu nyumba ijengwe, na mate ya mbwa yakikugusa unaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, na hakuna mjadala. Nilimcheka. Nilimwambia, "Mama, tunakwenda kupiga picha, hatuendi kuposa." Akanijibu nicheke tu, meno ni yangu.

Tulikwenda familia nzima kwa sababu kazi yangu ni ya familia nzima. Mimi hupiga picha. Mke wangu huandika kwenye daftari nani yumo katika picha ipi, kwa kuwa mimi sura nazikumbuka lakini majina yananipita. Binti yetu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na mmoja, hushika ubao mweupe wa kurudishia mwanga. Ameushika tangu ana miaka minne, mikono ikiwa mifupi hata kuukumbatia. Nilimfundisha kanuni moja tu, na niliifundisha kwa ukali, maana nina ukali, sikatai: nikishaweka jicho kwenye kamera, usitikisike. Nzi akitua puani, muache. Ukitikisika, picha imekufa. Maharusi wengi wamemsifu yule mtoto kwa utulivu wake, na mimi nikavimba kichwa.

Maonyesho yenyewe yalibuniwa na bwana mifugo. Kila mwaka alikuwa akitangaza chanjo ya mbwa na kila mwaka watu hawaji, au wanakuja wakisema mbwa amekataa. Safari hii akatangaza mashindano ya vijana: leta mbwa wako, awe ameoga, awe na kamba, mzunguke naye uwanjani, mbwa msafi na mbwa mtiifu watapata zawadi. Zawadi zilikuwa mipira, madaftari na sufuria moja kubwa iliyowatia wazimu akina mama. Vijana wakaja. Walitoka Lugoba, Vigwaza na vijiji vya ndani, wengine juu ya bodaboda, mbwa amefungwa ndani ya kiroba kichwa kikiwa nje, masikio yanapepea. Mimi niliitwa kupiga picha ya kila kijana na mbwa wake. Mama aliposikia alitaka kunikataza. Nikamwapia kwamba mjukuu wake hatagusa mbwa hata mmoja. Nilikula kiapo, nikiwa nimeshika Msahafu wake, ili tu anyamaze nikapange vifaa vyangu.

Niseme ukweli, ile asubuhi ilikuwa ya furaha. Mbwa kumpiga picha si kama bibi harusi. Huwezi kumwambia ainue kidevu. Walibweka, walivutana, mmoja alikojoa kwenye stendi ya kamera na mama akaitenga ile stendi peke yake, kama mgonjwa wa ndui, mpaka tulipoiosha. Nilitoa jasho. Kila nikipata jicho la mbwa, mbwa keshageuka. Kisha akaletwa yule.

Alikuwa na rangi ya makumbi ya nazi, masikio marefu, mwili mwembamba. Aliyemleta ni msichana wa miaka kumi na sita hivi kutoka upande wa Vigwaza, amevaa sketi ya shule iliyopigwa pasi. Mbwa wake alisimama tu. Hakubweka, hakuvuta kamba, wala hakuwatazama wenzake waliokuwa wakimbwekea. Waamuzi walikuwa wamempa nafasi ya pili kwa utulivu. Yule msichana akasema kwa aibu kidogo kwamba nyumbani huwa ni mtundu, ila tangu juzi amekuwa na adabu, hata chakula hagombanii. Sote tukacheka. Nikasema moyoni, huyu sasa ndiye mbwa anayejua kupigwa picha.

Nililala kifudifudi kwenye majani ili lenzi iwe chini sawa na macho yake. Jua lilikuwa upande mmoja, uso wa mbwa nusu gizani. Nikamwambia binti yangu asogee na ubao. Akasogea. Nikamwambia sogea tena. Nikaona akimtazama bibi yake kwa pembe ya jicho. Nikamwambia, "Mbona unanisumbua? Sogea. Hapo hapo. Usitikisike." Mwanga ukamjaa mbwa usoni, macho yakawaka rangi ya asali, nami nikapiga. Nilipiga picha kumi na moja mfululizo. Nilikuwa natazama macho ya mbwa na sikutazama kitu kingine.

Nilipoinuka, binti yangu aliweka ubao chini akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba, kanilamba."

Mama alishafika, ndoo mkononi. Akamkalisha mtoto kwenye majani akaanza, na kila mkupuo anahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Vijana wa mbwa wakasogea kutazama, wengine wakakohoa kuficha kicheko. Mkono wa mtoto ulikuwa umejaa hina ya harusi ya mama yake mdogo, maua na nukta mpaka kwenye vidole, na mama akawa anausugua kwa udongo huku akinitupia macho ya kiapo changu. Mimi niliona haya. Nikamwambia, "Basi, Mama, imetosha, watu wanatusubiri." Akasema haijatosha, bado mbili. Zikafika saba. Mtoto akafutwa kwa ukingo wa kanga, akaambiwa sasa u safi. Jambo likaisha. Katika ukoo wetu, likishaoshwa mara saba huwa limekwisha.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumanne, baada ya sala ya adhuhuri, nilikaa kwenye kompyuta kuchagua picha, dukani kwangu, chumba cha mbele cha nyumba yetu. Nilianza na zile za mbwa mtulivu kwa sababu nilijua ni nzuri. Zilikuwa nzuri kweli. Nne za mwanzo unaweza kuzitundika ukutani. Katika ya tano mbwa amegeuza kichwa kidogo. Katika ya sita mdomo wake uko kwenye ukingo wa ubao, pale mkono ulipokuwa. Nikaikuza ili nione kama inafaa kukatwa. Mdomo haukuwa unalamba. Meno yalikuwa yamezama kati ya kidole gumba na cha shahada, na uzi wa mate ulining'inia mpaka kwenye kiwiko. Katika ya saba vilevile. Katika ya nane vilevile.

Kisha nikauona uso wa mtoto wangu. Ulikuwa pembeni kabisa ya picha, nusu umekatwa. Alikuwa hamtazami mbwa. Alikuwa ananitazama mimi. Macho yamejaa maji, midomo ameibana, na ubao ameushika sawasawa kama nilivyomwelekeza, haujainama hata kidogo. Katika picha ya tisa, ya kumi na ya kumi na moja bado ananitazama, ananisubiri nimalize. Na mimi nikaendelea kupiga.

Sikumbuki kufunga duka. Nakumbuka nikiwa nimesimama mlangoni mwa darasa lake bila kubisha hodi, mwalimu akinisemesha na mimi simsikii. Nilimshika mkono nikauchunguza juani. Hina ilikuwa imeanza kufifia, na katikati ya nukta za maua zilikuwepo nukta mbili ambazo hazikuwa hina.

"Kwa nini hukusema kakuuma?"

"Ulisema nisitikisike."

"Baada ya hapo. Kwa nini hukusema baadaye?"

Alitazama chini. "Bibi angekugombeza. Ulimwapia."

Mtoto wa miaka kumi na mmoja alikuwa ananifichia mimi. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini yule hakuficha maradhi yake, alificha aibu yangu.

Hospitalini alitupokea muuguzi wa makamo mwenye miwani. Nilimwamkia shikamoo, nikamwonyesha zile picha nilizokuwa nimezihamishia kwenye simu. Alizitazama kwa utulivu, mpaka akafika ya nane. Akamwita mtoto, akamchoma sindano siku hiyo hiyo, kwenye mkono na pembeni ya jeraha, na mtoto hakupepesa hata jicho. Muuguzi akasema, "Mashaallah, jasiri huyu." Nilitaka kumwambia asimsifu.

Akaniketisha nje akanieleza bila kuzunguka. Kichaa cha mbwa kina dawa kabla hakijajitokeza. Kikishajitokeza, hakina. Mgonjwa huanza homa, kisha huogopa maji, akiona kikombe tu koo linafunga, na baada ya hapo ni siku za kuhesabu. Kinaweza kujificha wiki, miezi, hata mwaka. Sindano ziko kadhaa na lazima tuje zote kwa tarehe zake. Siku tatu tulizopoteza hazikuwa mwisho wa dunia, lakini hakuzipenda. Nikamweleza habari ya kuosha mara saba. Akatikisa kichwa akasema maji yale yamemsaidia kuliko tunavyojua, udongo ndio asingependa kuusikia, lakini nimpelekee mama salamu zake. Halafu akasema jambo la mwisho.

"Mtafute mbwa. Asiuawe. Afungwe, atazamwe. Akifika siku ya kumi tangu amng'ate mtoto na bado mzima anakula, tutapumua. Akifa kabla, kichwa chake kipimwe, tujue moja. Bila mbwa, baba, tutabaki kukisia."

Jumatano asubuhi nikapanda gari, bwana mifugo akanielekeza kwa simu, na kwa bodaboda nikaingia ndani kutoka Vigwaza mpaka kwa baba yake yule msichana. Nilimkuta mbwa hai. Amelala kivulini chini ya kichanja cha vyombo, amefungwa kamba. Nilitaka kumbusu. Nilimkaribia hatua nne, akaniangalia, akafumba macho.

Na hapa ndipo nilipokosea kosa ambalo sijui kama nitasamehewa. Nilikaribishwa. Nikatolewa mkeka. Baba mtu, mkulima wa umri wangu, alinishika mkono kwa mikono miwili, mkewe akapiga goti kunipa maji ya kunywa, wakachinja kuku ambaye hawakuwa na sababu ya kumchinja. Mimi ni mtoto wa Mji Mkongwe, nimelelewa kwamba hutamki neno zito kwenye mkeka wa mtu. Utamwambiaje mwenyeji wako, ukiwa na tonge lake mdomoni, kwamba mbwa wake ana kichaa na mtoto wako huenda akafa? Nilizunguka. Nikauliza habari za mvua na mihogo. Nikasema mtoto amepata mkwaruzo mdogo, wasijali, ni mambo ya watoto. Nikasema ningependa mbwa aendelee kufungwa, nitarudi kumwona. Sikusema siku kumi. Sikusema kichaa. Sikusema asiuawe. Kila neno nililotumwa nililimeza na ugali wao, nikaaga kwa adabu, nikasindikizwa mpaka barabarani.

Alhamisi nikapiga simu. "Mbwa yupo?" Yupo, ndugu yangu, ondoa shaka. Nikaondoa shaka. Mke wangu aliuliza kama nimewaeleza kila kitu, nikamwambia ndiyo.

Ijumaa, baada ya sala, baba mtu alibisha hodi kwetu yeye mwenyewe. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe na kofia iliyofuliwa, na nyuma yake ameshikilia jogoo aliyefungwa miguu. Alikuwa amesafiri tangu alfajiri. Nilimkaribisha barazani, mama akatoka na kahawa. Akaanza kwa kuomba radhi kwa niaba ya ukoo wake. Akasema nilipoondoka wazee wa kijiji walikaa, wakaona mtu mzima ameacha kazi yake mjini akaja mpaka kwao kwa ajili ya jeraha la mwanawe, na hakufoka, hakutaja polisi, amekula na kushukuru. Wakaona haya. Wakasema mtu muungwana namna hii hawezi kuachwa arudi mara ya pili kutazama adui wa mwanawe.

"Tumekwishammaliza," akasema. "Jana jioni. Na tumemchoma moto na kamba yake, hata jino halikubaki. Tulale sasa, ndugu yangu."

Nilisikia mama akiweka birika chini. Mke wangu alikuwa mlangoni, na alinitazama mimi, hakumtazama mgeni. Aliona usoni mwangu kila kitu ambacho sikukisema kule. Tangu siku ile kuna neno analo mdomoni hajalitoa, na mimi sijamwomba alitoe.

Nilifanya nini? Nilimshukuru. Wallahi nilimshukuru. Nilipokea jogoo. Ulimi wangu ulijua kazi moja tu maishani, kushukuru, na ukaifanya. Alipokuwa akivaa viatu akakumbuka jambo, akasema kwa kusitasita kwamba binti yake hajala tangu jana, na anaomba, kama si usumbufu, picha ya mbwa wake. Hakuwa amewahi kumpiga picha hata kwa simu.

Nilikwenda kwenye kompyuta nikafungua zile kumi na moja. Nikachagua ya pili, macho ya asali, utulivu wote, na pembeni vidole vya mwanangu vyenye hina vimeshika ubao. Nikaikata pale kwenye vidole, nikaichapa. Baba mtu aliitia katikati ya kurasa za daftari alilokuja nalo akasema ni picha nzuri sana.

Nilirudi kwa muuguzi nikamweleza. Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali anigombeze. Alisema tutachoma zote, hatutaacha hata moja, na dawa hii inafanya kazi. Sindano ya mwisho ilipochomwa akampa mtoto peremende, akaniambia mimi, "Sasa baba, kalale." Mama alichinja yule jogoo akasoma Yasini, watoto wa jirani wakala wali. Kila mtu aliendelea na maisha yake. Mke wangu aliniambia nizifute zile picha, na sijazifuta.

Mimi sikulala. Nasema wazi, nilikuwa nimekwisha. Nilikataa kazi za harusi. Nilimgusa mtoto paji la uso mara kumi kwa siku, akiwa na joto la jua naona ni homa. Akikataa chakula natoka nje kupumua. Nilimchukia mbwa, nikawachukia wazee wa Vigwaza na uungwana wao, kisha nikakumbuka uungwana wenyewe ulikuwa wangu. Usiku mmoja wa mvua alisema koo linamkereketa, nikamkalisha mbele yangu nikampa kikombe cha maji, nikatazama jinsi koo lake linavyopanda na kushuka. Alikunywa. Kesho yake asubuhi nikampa tena. Basi ikawa desturi, kila asubuhi kabla ya shule, kikombe cha maji, mimi nimesimama. Sikumweleza sababu. Lakini mtoto si mjinga. Baada ya wiki moja akawa anakuja mwenyewe, anashika kikombe kwa mikono miwili, ananitazama machoni, anakunywa mpaka chini, anasema, "Baba, nimekunywa," ndipo anavaa begi.

Mwezi wa tatu tangu ang'atwe ukapita, wa nne ukaingia. Asubuhi moja nilikuwa bafuni, nikasikia mwenzake akimwita nje, mlango ukafungwa. Nilipotoka nikaona kikombe mezani. Kilikuwa kimejaa. Alikijaza, akakiweka, akaondoka.

Sikuuliza mtu. Nilikichukua kile kikombe nikakimbia, nina kikoi na fulana, miguu mitupu, nikiwapita watu waliokuwa wakinisalimia na mimi siitikii, jambo ambalo katika mtaa wetu ni bora utukane. Maji yalinimwagikia mkononi mpaka yakabaki nusu. Nilifika darasani kifua kinapiga. Mwalimu alinitazama, kisha akatazama kikombe. Watoto wote wakageuka.

Binti yangu aliinuka. Akapita katikati ya madawati, akakipokea, akanywa yale yaliyobaki mbele ya darasa zima, kisha akakipindua ili nione hakuna kitu. Matone mawili matatu yakadondoka kwenye sakafu.

"Nilichelewa tu, Baba," akasema. Halafu akasogea karibu ili wenzake wasisikie. "Mpaka lini?"

Nikamwambia mpaka kesho. Na kesho yake nikamwambia hivyo hivyo.